Mizizi ya meno yangu imefupika nikiwa na bresi. Nivue kesho?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tabata, ni keshia kwenye duka la jumla Kariakoo. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nikilifikiria jambo hili machozi yananitoka mbele ya wateja.

Tangu darasa la tano nimekuwa nikicheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Meno yangu ya juu yalitokeza mbele, na shuleni waliniita jina ambalo sitaliandika hapa. Nilipopata kazi nikacheza upatu, nikaweka akiba, na miaka miwili na miezi minne iliyopita nikafungwa bresi. Waling'oa magego madogo mawili ya juu ili ipatikane nafasi, kisha meno ya mbele yakaanza kuvutwa ndani. Hadi leo nimelipa zaidi ya milioni tatu, kwa awamu. Sikuwa naijutia hela hiyo. Idi iliyopita nilipiga picha nikitabasamu kwa mara ya kwanza, mama akaisafisha na kuitundika sebuleni.

Mwezi uliopita daktari wangu alikwenda masomoni, nikaenda kliniki nyingine karibu na kazini ili nikazwe waya. Daktari wa pale ni kijana mpole. Alisema kabla hajagusa chochote anataka picha, tukapiga ile eksirei kubwa inayozunguka kichwa. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Dada, kuna mtu amewahi kukueleza habari ya mizizi yako?" Nikamwambia hapana. Akanionyesha meno manne ya mbele ya juu: ncha za mizizi zimekuwa butu, kama penseli iliyotumika. Kwa yale mawili ya katikati alisema huenda theluthi ya mzizi imekwisha, na la kulia ndilo baya zaidi. Hakunikaza. Alinitaka nirudi na picha zangu za mwanzo. Sijarudi, naogopa.

Nikiwa na miaka tisa nilianguka na baiskeli, hilo hilo jino la kulia likalegea wiki kadhaa, halafu likakaza lenyewe. Daktari aliyenifunga bresi hakuniuliza, na mimi sikukumbuka kumwambia. Sasa nikiligusa kwa ulimi nahisi linacheza. Nina wasiwasi mpaka kucha zote nimezimaliza kwa kuzing'ata, tabia niliyo nayo tangu utotoni.

Mama mdogo anasema nivue vyuma kesho asubuhi. Jirani yetu ambaye ni nesi anasema niue mishipa ya hayo meno ili mizizi isiendelee kuliwa. Mwenzangu wa dukani ameniletea vidonge vya kalsiamu na unga wa mlonge. Harusi yangu ni Desemba, imebaki miezi mitano, na usiku naota meno yanadondoka kwenye sahani ya pilau mbele ya wakwe.

Daktari, nitayapoteza? Mizizi itaota tena? Nani amenikosea? Na mdogo wangu wa miaka 14 amepangiwa kuanza bresi likizo hii. Nimzuie?

Binti wa Tabata

*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu, maana ndani yake kuna mambo mawili ambayo daktari wako anapaswa kuyajua na bado hayajui. Nitayafikia.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Jino ambalo mzizi wake umefupika kwa sababu ya bresi ni jino hai. Lina damu yake, lina mshipa wake wa fahamu, na limeshikwa na mfupa. Wagonjwa waliofuatiliwa zaidi ya miaka 10 baada ya kuvua bresi, wakiwemo waliopoteza sehemu kubwa ya mizizi, wameonekana wakiendelea kutafunia meno yale yale. Jino kung'oka lenyewe kwa sababu hii peke yake ni jambo la nadra sana. Sijaiona picha yako, kwa hiyo siwezi kukupimia kutoka hapa, ila kwa uliyoyaeleza sioni pilau ya harusi ikiharibika.

Chukua karoti, uishike mkononi. Ukikata kipande kidogo cha ncha umepoteza kitu chembamba. Ukikata kipande cha urefu ule ule huku juu penye majani, umepoteza karoti yenyewe. Mzizi wa jino la mbele una umbo hilo hilo: shingoni ni mnene, nchani ni mwembamba. Jino linashikiliwa zaidi na sehemu ya juu, ile iliyo karibu na fizi. Watafiti walipopima eneo la mzizi linaloshikwa na mfupa, walikuta kwamba milimita 3 zinazopotea nchani ni hasara inayokaribiana na milimita 1 tu ya mfupa unaopotea shingoni kwa ugonjwa wa fizi. Ndiyo maana mimi mgonjwa mwenye mizizi mifupi namwangalia fizi kwanza. Ncha uliyoipoteza hujui kama utaikosa, lakini mfupa wa shingoni ukiliwa na uchafu wa miaka, utaukosa kweli.

Sasa imekuwaje mpaka mzizi uliwe? Jino halikusimikwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzinyuzi, mwembamba kama robo ya milimita, na ndani yake mna mishipa midogo ya damu. Waya ukivuta, upande mmoja wa utando unabanwa. Ukibanwa sana damu inakatika na sehemu hiyo inakufa. Mwili hauachi kitu kilichokufa mahali pake, unatuma chembe za kukisafisha. Tatizo ni kwamba chembe hizo zikisafisha utando huchubua na ngozi ngumu inayouvika mzizi, na zikiendelea zinaingia mpaka kwenye mzizi wenyewe. Mvuto ukipumzika, chembe nyingine hurudi na kupaka tabaka jipya pale palipochubuka. Ila zinapaka tu. Urefu uliokwisha kuondoka haurudi, na jibu la swali lako la pili ndilo hilo: mizizi haitaota tena. Vidonge vya kalsiamu havitaurudisha, na unga wa mlonge ni chakula kizuri, uweke kwenye uji wako, lakini usiutegemee kwa mizizi.

Karibu kila anayevaa bresi hupoteza kidogo, mara nyingi chini ya milimita 2, na hajui kamwe. Wanaopoteza sana, milimita 4 au theluthi ya mzizi, ni mtu 1 hadi 5 kati ya 100. Meno manne ya mbele juu ndiyo huumia zaidi, kwa sababu ndiyo husafirishwa mbali na mizizi yake ni myembamba. Kwa mtu kama wewe, ambaye magego yaling'olewa ili meno ya mbele yarudi nyuma, ncha ya mzizi inasafiri safari ndefu ndani ya mfupa. Kadiri matibabu yanavyorefuka, kadiri mvuto unavyokuwa mzito, na hasa jino likisukumwa juu kuingia ndani ya mfupa au mzizi wake ukigeuzwa, ndivyo hatari inavyopanda. Na kuna watu wamezaliwa na mwelekeo huo katika ukoo, hata wakivutwa taratibu kiasi gani.

Hapo ndipo baiskeli yako inapoingia. Jino lililowahi kugongwa, hasa kama lililegea, liko katika hatari zaidi likivutwa, na lako la kulia ndilo lililofupika kuliko yote. Kung'ata kucha nako kumehusishwa na mizizi kufupika, maana ni kulisukuma jino kila saa bila mpangilio, juu ya mvuto wa waya. Mambo mawili niliyoyasema mwanzoni ni hayo. Mwambie daktari yote mawili kabla hujakaa kwenye kiti.

Sasa swali la kuvua kesho. Mama mdogo anakupenda, na woga wake naufahamu, lakini usikimbilie kuvua. Kinachoula mzizi ni mvuto. Chuma kilichobandikwa juu ya jino bila mvuto hakina ubaya huo. Kinachofanyika mzizi ukionekana kufupika ni kusimamisha mvuto kwa miezi miwili hadi mitatu: mipira inatolewa, waya unaachwa umelala bila kusukuma chochote, au unatolewa kabisa, ili utando upumue na mzizi ujitengeneze. Yule kijana aliyekataa kukukaza alifanya sawasawa kabisa. Ukivua leo kwa hofu wakati meno yamefika nusu ya safari, yataanza kurudi yalikotoka, nawe utakuwa umelipa kwa mizizi yako na hukupata ulichokilipia.

Baada ya mapumziko picha mpya inapigwa, ndipo mnakaa wewe na daktari kuamua. Muulize bila kuona haya: kimebaki nini, na kwa miezi mingapi? Kama ni mwanya wa milimita moja au mbili karibu na chonge, mimi ningekushauri uuache. Mwanya mdogo unaweza kuzibwa kwa kujaziwa jino la jirani rangi ile ile, kazi ya siku moja isiyogusa mzizi. Kama bado kuna safari kubwa, basi mpango wenyewe ubadilishwe, mvuto uwe mwepesi na wenye mapumziko, na meno hayo manne yaguswe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Daktari mzuri hataona aibu kupunguza lengo. Nimewaona wagonjwa waliong'ang'ania tabasamu la kwenye tangazo, kila mwezi "kidogo tu, Daktari", hadi mizizi ikaisha wakati meno yalikuwa yamependeza mwaka mzima kabla. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo, kwa sababu mtu wa kusema basi nilikuwa mimi.

Kuhusu vipimo, ile picha inayozunguka kichwa ni nzuri kwa kuona taya zima, lakini kwa meno ya mbele inaweza kutia chumvi. Jino lililoinama, hata kama mzizi wake ni mzima, linaonekana fupi. Omba picha ndogo za jino kwa jino, zile za kuweka filamu au kihisio ndani ya mdomo, na zilinganishwe na zile za kabla ya bresi. Siti skani ya meno inaonyesha vizuri zaidi, lakini ina mionzi mingi zaidi na gharama kubwa, sikushauri uanze nayo. Kwa kawaida mzizi wa jino kubwa la mbele la juu una urefu wa kama milimita 13. Theluthi ikiondoka zinabaki karibu 9. Pale panapofika 9 au chini yake ndipo tunaanza kuwa na wasiwasi na jino kulegea kwa miaka ya baadaye, na ndipo daktari anapaswa kulifuatilia jino kwa karibu. Kwa hiyo "theluthi" aliyoikadiria kwa macho ni lazima ipimwe kwa milimita. Ikiwa zimebaki 10 au 11, tuko mahali pengine kabisa.

Kucheza kwa jino unakokusikia sasa hakuniambii mengi. Jino linalovutwa hucheza, maana utando wake umepanuka. Kwa wengi hukaza wiki kadhaa au miezi michache baada ya mvuto kusimama. Acha kulisukuma kwa ulimi, maana kila unapolipima unalitikisa.

Jirani yako nesi, kwa heshima zote, hapa amepotea njia. Mzizi wako unaliwa kutoka nje, upande wa mfupa, na mshipa ulio ndani hauna kosa. Kuua mshipa wa jino lililo hai hakuzuii kuliwa kwa namna hii, kunakuachia tu jino lililotobolewa. Kuna hali moja tu ya kufikiria tofauti: kwa kuwa jino la kulia liligongwa utotoni, daktari alipime kwa baridi kama bado lina uhai, aangalie kama limebadilika rangi na kama kuna kivuli kwenye mfupa wa nchani. Likikutwa limekufa, basi matibabu ya mzizi yanahitajika kwa sababu hiyo, na ni hilo moja peke yake.

Umeniuliza nani amekukosea. Nitakujibu ninavyoamini. Mzizi kufupika si ushahidi kwamba daktari ni mbaya. Hutokea kwa mabingwa, katika nchi zote. Tena hili halijaanza jana: mwaka 1927 daktari wa Marekani, Albert Ketcham, alichapisha picha za eksirei za wagonjwa wa bresi zikionyesha mizizi iliyofupika, na tangu hapo kila anayefundishwa kupanga meno anafundishwa jambo hili. Kwa sababu hiyo hiyo naona ulikosewa mahali pawili. Ulitakiwa kuambiwa kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, kwa Kiswahili unachokielewa, na kuulizwa kama umewahi kugongwa meno. Na ulitakiwa kupigwa picha ya meno ya mbele miezi 6 hadi 12 baada ya kuanza, kwa sababu mizizi itakayofupika sana huwa inaanza kuonyesha dalili kipindi hicho, mapema kiasi cha kutosha kubadili njia. Umepita miaka miwili na miezi minne bila mtu kuchungulia.

Rudi kwenye kliniki ya kwanza uombe picha zako na kumbukumbu za matibabu. Nenda kwa upole, lakini nenda. Taarifa hizo ni za mwili wako, na bila picha ya mwanzo hakuna atakayejua umepoteza kiasi gani. Wakikuzungusha, omba kwa maandishi. Wakikunyima kabisa, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosajili na kusimamia madaktari wa binadamu na wa meno Tanzania Bara. Ukitaka jicho la tatu, shule ya udaktari wa meno iko Muhimbili pale Upanga, na kijana wako mpole anaweza kukuandikia rufaa. Usione ni kumsaliti mtu.

Mdogo wako usimzuie. Ila kwa kuwa mwelekeo huu hutembea katika familia, twende naye kwa uangalifu: daktari wake aambiwe kilichompata dada yake, picha za mizizi zipigwe kabla ya kuanza, na zirudiwe miezi sita baada ya kuanza. Muulizeni pia huyo mtoto, si mama pekee, kama amewahi kugongwa mdomo mpirani. Watoto huficha.

Nyumbani kazi yako kubwa ni fizi. Piga mswaki asubuhi na usiku, na kile kiburashi chembamba kinachopita chini ya waya kisikauke kwenye kikombe. Usafishwe meno hospitali kila baada ya miezi 6, na kina cha fizi kipimwe, hasa meno hayo manne. Muwa usimenye kwa meno ya mbele, kata kwa kisu. Embe bichi na mahindi ya kuchoma, vivyo hivyo, kata, pukuchua. Soda ifunguliwe kwa kifungulio. Ukishavua bresi utapewa waya mwembamba wa nyuma ya meno au kifaa cha kuvaa usiku, ili yasirudi mbele. Hakikisha waya huo umekaa bila kusukuma, na kila ukienda kusafishwa utazamwe kama haujapinda. Picha ya mizizi irudiwe baada ya mwaka mmoja. Kwa kawaida kuliwa husimama mvuto ukishaondoka, na picha hiyo ni ya kuhakikisha.

Harusi yako tuipigie hesabu. Ukisimamisha mvuto wiki hii, mapumziko ya miezi mitatu yanaisha karibu miezi miwili kabla ya Desemba. Picha mpya inapigwa, mnaamua. Kama uamuzi ni kuishia hapo, bresi zinatoka na muda unabaki wa kusafisha meno na kuziba mwanya. Kama uamuzi ni kuendelea taratibu, utaolewa na vyuma mdomoni, na mchumba wako, ambaye amekuchumbia navyo, sidhani atashangaa.

Kwa kijana mpole urudi wiki hii. Beba picha za zamani ukizipata, mweleze baiskeli, mwonyeshe kucha. Akishapima, niandikie tena unitajie urefu uliobaki kwa milimita, jino kwa jino, tuendelee kutoka hapo. Na ile picha ya Idi mwambie mama aiache sebuleni ilipo.